Honi ya Chai

Bi Mwanaima aliolewa Msambweni akamkuta mke mwenza ndani ya ua, na mke mwenza huyo alikuwa na magurudumu manne. Lilikuwa Pijo jeupe la viti safu tatu, na mlango wa nyuma ukifungwa kwa kamba. Mumewe, Mzee Alamin, alikuwa akiamka alfajiri na kulisalimia gari kabla ya kumsalimia mkewe. Vioo vya gari alivipangusa kwa kitambaa laini. Mke macho yake akajipangusie mwenyewe kwa upindo wa kanga. Majirani wakiuliza habari za nyumbani, Bi Mwanaima akiwajibu, "Mwenzangu hajambo, jana amebadilishwa oili. Mimi bado sijabadilishwa hata kanga."

Lakini ukikaa na mke mwenza miaka thelathini na minane, mwisho mtazoeana. Gari hilo ndilo lililomkimbiza hospitali usiku alipomzaa Hafsa, na ndilo lililompeleka Hafsa Ukunda kwa mumewe, limefungwa riboni mpaka kwenye bomba la moshi. Tena lilikuwa na sauti yake. Kila jioni, likiacha lami na kuingia njia ya mchanga, lilipiga honi: pi-pi, piiip! Mbili fupi, moja ndefu. Bi Mwanaima akisikia tu, huyo, yuko jikoni, sufuria motoni. Gari lilitambaa kwa kuogopa mashimo. Likifika uani, Mzee alilizunguka kukagua matairi, akafunga milango mmoja mmoja, akanawa mikono. Hata akikaa barazani, chai ya maziwa na iliki ndiyo kwanza imeepuliwa, mvuke bado wapanda. Jambo hilo hawakuwahi kulizungumza hata siku moja. Mume anapiga honi, mke anabandika chai. Ndoa ina mengi yasiyosemwa, na mengine ni heri yasisemwe.

Kisha macho ya Mzee Alamin yakaanza kumsaliti. Siku moja alisimamisha gari kando ya njia, akaufungulia mlango mzigo wa makuti wa jirani yao Dzombo, yule mwenye mbuzi wasio na adabu, akidhani ni mtu, akausubiri upande. Akauambia, "Karibu, karibu, twende." Makuti yasipande. Mzee akatoa salamu mara ya pili, akaona yananyamaza, akakasirika kwamba watu wa siku hizi hawajui kujibu. Alipogundua, hakumwambia mtu, ila Dzombo alikuwa juu ya mnazi akiona yote, na mdomo wa Dzombo haukuzaliwa na kifuniko.

Mwezi haukuisha, Mzee akaliuza Pijo kwa mtu wa Kinango. Asubuhi ya kuondoka aliliosha kama aoshwavyo bi harusi, ndani na nje, kisha akaingia chumbani akafunga mlango.

Tangu siku hiyo alianza kupungua. Alikuwa akirudi kutoka maskani, kijiweni kwa wazee wenzake, kwa miguu, kimya kama paka, mara umwone amekwisha kaa barazani. Bi Mwanaima hakujua tena saa ya kumtazamia, basi akawa anachemsha chai mapema na kuitia kwenye chupa. Mzee alipiga mafunda mawili, akasema "Alhamdulillahi," akakisukuma kikombe. Mahamri yakabaki sahanini. Kikoi alichokuwa akikikaza kwa mkunjo mmoja sasa kilitaka mikunjo mitatu, na maneno yake kwa siku ungeweza kuyahesabu kwa vidole ukabaki na vidole vya akiba.

Hafsa alikuja akampeleka kwa daktari. Daktari akapima kila kinachopimika, akasema mzee ana presha ya kijana.

"Baba analililia gari," Hafsa alimwambia mamake. "Mama, tusipoangalia, hatutamaliza naye mwaka."

Bi Mwanaima hakulala siku mbili akifikiri. Ya tatu akapata jawabu: mwanamume aliyeachana na mke haponywi na daktari, huponywa kwa kuonyeshwa wengine. Akawatangazia majirani kisimani, "Jumamosi nampeleka mume wangu Mombasa kumtafutia mke. Nyinyi waume zenu hujitafutia wenyewe gizani. Mimi nampeleka wangu mchana kweupe na kanga yangu nimeipiga pasi."

Akampigia simu Waziri, mtoto wa dadake Mzee Alamin, anayefanya kazi hotelini Diani na ana kigari chake cha Kijapani.

"Mama, nimtembeze mjomba wapi?" aliuliza Waziri. "Ngome? Au kule madukani kwenye ngazi zinazopanda zenyewe?"

"Ngome ina magurudumu?"

"Haina."

"Basi tuitakie nini? Mpeleke palipo na magari. Wengine wakienda mjini huenda baharini. Huyu bahari anayo nyumbani na hajawahi kuitazama mara mbili."

Jumamosi Waziri akafika mapema. "Shikamoo mjomba. Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu Mzee, akakaa mbele, akafunga mlango polepole na kwa huzuni, kama afunikaye maiti. Safari nzima mguu wake wa kushoto ulikuwa ukikanyaga sakafu.

"Mjomba, hili halina klachi."

"Najua. Mguu ndio haujaambiwa."

Bi Mwanaima, kiti cha nyuma, akahesabu: maneno matano pamoja na marahaba, na jua halijakaa sawa. Dalili njema.

Waziri alitaka kupitia Dongo Kundu, barabara mpya, mara moja uko ng'ambo. Bi Mwanaima akakataa, akataka Likoni. Kwenye foleni ya feri, alisema, magari yote ya ulimwengu hukaa pamoja kama watu arusini, na mwenye kuyapenda huyatazama bila kiingilio. Na kweli, walizungukwa na malori ya saruji, mabasi, pikapu za maembe, na gari moja jekundu lililo chini kama mjusi. Zamani Mzee angefumba macho na kukutajia kila moja kwa mlio wake tu, mwaka lilipotoka kiwandani na ugonjwa unaolisumbua.

"Baba Hafsa," alisema Bi Mwanaima, "hilo linalokohoa nyuma yetu ni nini?"

Mzee akasikiliza.

"Ni gari," akasema.

Bi Mwanaima akatazama maji. Moyo ulimtumbukia humo.

Mombasa, Waziri akawapeleka kwenye yadi ya magari yaliyotoka melini, yamepangwa kama mikate dukani, yote yanang'aa. Akawapokea msichana wa bara, Caroline jina lake, mchangamfu, viatu virefu.

"Karibuni sana! Mzee, wewe kaa tu hapa uskie raha. Hii haina hata ufunguo. Unabonyeza kidude hapa, inawaka."

"Kama kengele ya mlango," alisema Mzee.

"Exactly! Na ukirudi nyuma inakuonyesha kwa skrini. Inakuambia kama kuna kitu."

"Inasema?"

"Inasema, mzee wangu! Ukikosa kufunga mkanda inakupigia kelele."

Mzee akamgeukia mkewe taratibu. "Huyo ninaye nyumbani."

Waziri akacheka hata akashika bodi la gari. Bi Mwanaima angeweza kulikumbatia lile gari kwa dhihaka hiyo moja, lakini hakuacha deni. Akamwuliza Caroline, "Mwanangu, na lisilo na ufunguo, mume akitaka kutoka bila ruhusa, mke amfiche nini?"

"Ai, shosho!" Caroline alicheka akajifunika mdomo. "Hiyo hatujawahi ulizwa."

Lakini Mzee alipotoka garini uso ulikuwa umerudi ulikokuwa. Akamshukuru msichana kwa adabu, akasema magari ni mazuri, Mungu awape wateja. Walipofika nje akaomba warudi nyumbani. Ilikuwa saa tano tu ya asubuhi.

"Tumebakiwa na mahali pamoja," Waziri alimnong'oneza Bi Mwanaima. "Ila si pazuri. Nyuma ya Makupa, kuna mzee wa kwetu huchinja magari."

"Twende. Labda aliyekataa biriani anataka muhogo."

Mchinjaji huyo aliitwa Boga, mweusi kwa grisi mpaka kwenye nyusi. Uani kwake milango ya magari ilitundikwa ukutani kama nguo za kuanika, na taa zilijaa karai kama mayai. Mzee Alamin alipoingia alisimama. Akavuta pumzi. Kisha akanyoosha mkono, akapapasa mlango mmoja kuanzia juu mpaka kwenye kitasa.

"Pijo," akasema. "Wa nyuma, kushoto."

"Ahaa!" Boga aliweka spana chini. "Wewe si mnunuzi, wewe ni mgonjwa mwenzangu. Njoo nikuonyeshe kitu."

Kwenye kona lilikuwepo Pijo zima la buluu, au tuseme nusu ya uhai wake: halina injini, halina magurudumu, limekalishwa juu ya mawe. Lakini usukani ulikuwepo na kiti cha dereva kilikuwepo. Mzee akaingia, akakaa. Mguu wa kushoto ukakanyaga, na mara hii ukaikuta klachi.

Bi Mwanaima alimwacha. Kuna wakati mke hutakiwa atazame pengine. Akaketi juu ya tairi karibu na jiko la makaa la Boga, akamwita muuza kahawa aliyekuwa akipita, akanunua kahawa na kashata, akaanza kufikiria atamwambia nini Hafsa: kwamba wamezunguka mji mzima na babake ametoa dhihaka moja.

Huku nyuma Boga alikuwa amebeba betri, akaunga waya mbili kwa spana. "Hebu jaribu, sheikh."

Pi-pi, piiip!

Bi Mwanaima hakufikiri. Miguu ndiyo iliyofikiri. Kikombe kilikwenda kule, kashata kule, na yeye huyo amesimama, kanga ameikaza kiunoni, amenyakua sufuria iliyokuwa kando ya jiko la Boga na kuibandika motoni.

"Bibi! Bibi!" Boga alipiga kelele. "Hiyo ina mafuta ya taa! Naoshea beringi!"

Waziri akairukia sufuria akaiepua kabla Makupa yote haijawaka. Mzee Alamin alikuwa ametoa kichwa dirishani, dirisha lisilo na kioo.

"Mama Hafsa, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kubandika chai," alisema Bi Mwanaima. "Si umeniita?"

"Nimekuita?"

"Si honi yako ya chai! Mbili fupi, moja ndefu. Kila siku ukiingia njia ya mchanga hunipigia nibandike chai."

Mzee alimkodolea yale macho yake yasiyoona vizuri.

"Mwanaima," akasema, na jina hilo tupu hakuwa amelitumia tangu Hafsa azaliwe, "mimi nilikuwa nafukuza mbuzi wa Dzombo."

"Mbuzi?"

"Hulala pale njia panda. Ukipiga moja hawaamki. Ukipiga mbili huinua vichwa. Mpaka uongeze ile ndefu."

Boga akakaa chini kwenye mlango wa lori. Waziri alikuwa ameuma kola ya shati.

"Miaka thelathini na minane," alisema Bi Mwanaima polepole, "nabandika chai kwa amri ya mbuzi."

"Na mimi miaka hiyo hiyo nastaajabu," alisema Mzee. Sauti ilikuwa imeshuka. "Nikichelewa, nikiwahi, kila nikikaa barazani chai ndiyo kwanza imechemka. Nikisema moyoni, mke huyu ananihisi. Wenzangu maskani wakiwalalamikia wake zao, mimi hunyamaza, nikisema wangu hana haja ya kuambiwa, moyo wake humwambia niko karibu." Akapapasa usukani. "Gari lilipoondoka, nikaanza kukuta chai ya chupa. Nikasema, basi. Sina gari, sina macho, na moyo wa Mwanaima nao umepoa."

Boga akageuka kutafuta spana aliyokuwa ameishika mkononi.

Bi Mwanaima alitaka kusema neno la mzaha, maana alikuwa nayo mengi, lakini aliyaacha yote. Akaenda hadi dirishani, akampangusa mumewe uso kwa upindo wa kanga, kila upande, kama kioo.

"Moyo haujapoa, mzee mpumbavu wewe," alisema. "Nilikosa ishara tu. Unaingia kama mwizi, nami nitajuaje?"

Boga alijitolea kuifungua ile honi awape bure, sadaka. Mzee akakataa. Alisema honi isiyo na gari ni kelele tu, na hata hili la mawe linahitaji sauti lisife kwa upweke. Lakini alikaa na Boga mpaka adhuhuri wakibishana juu ya kabureta, wakasali pamoja, wakala pilau, na sahani ya Mzee ilirudi nyeupe. Kwenye feri ya kurudi, bila kuulizwa, alimshika Waziri bega. "Lile lori la kule mbele, mwambie mwenyewe beringi ya gurudumu la nyuma inamfia. Hatafika nalo Lungalunga."

Jioni, walipofika njia panda ya Msambweni, jua bado lipo, Mzee akamwambia Waziri asimamishe gari.

"Nishushe hapa. Wewe mpeleke mama nyumbani."

"Mjomba, ni mbali kwa miguu."

"Ndiyo sababu."

Bi Mwanaima hakuuliza. Alifika nyumbani, akaweka mkoba, akawasha moto, akatia maji na maziwa kwenye sufuria, akaponda iliki. Chupa ya chai akaipandisha juu ya kabati, nyuma ya masinia ya arusi, mahali ambapo vitu hupandishwa visishuke tena. Kisha akasimama na sufuria mkononi, hakuibandika, akatega sikio.

Kutoka njia panda, kupitia minazi, ikaja sauti ya mzee wa miaka sabini na mbili aliyeikusanya midomo na kujaza mashavu:

"Pi-pi, piiip!"

Mbuzi wa Dzombo walitimka. Dzombo mwenyewe alitimka nao, akidhani Pijo limerudi.

Bi Mwanaima akabandika chai.