Kumfundisha Jeptoo Kukataa

Jeptoo alikuja kwenye ofisi yetu ya mainjinia, katikati ya Minneapolis, Januari 1996. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, amekuja kwa miezi mitatu ya mafunzo ya kazini. Mkutano wake wa kwanza aliinuka akawamiminia kahawa wanaume saba, kwa kuwa wote walimzidi umri. Heshima hiyo nusura imharibie maisha. Kufikia wiki ya tatu bosi wetu, Eric, alikuwa akimwuliza maziwa ya kahawa yamewekwa wapi.

"Huyu msichana wako hana sauti," Eric aliniambia. "Ijumaa ya mwisho ya Machi ikipita sijamsikia akisema la maana mkutanoni, simwajiri."

Wangu kwa sababu mimi, Jedidah, ndiye niliyekuwa Mkenya mwingine pale, na injinia pekee wa kike kwa miaka kumi na moja. Shangazi yake alikuwa ameshamtafutia kazi ya kutunza wazee kule Coon Rapids, aachane na mambo ya vyuma. Sina neno na kutunza wazee, nitazeeka mwenyewe. Ila yule mtoto alikuwa na kichwa cha hesabu kuliko wale saba wote, na wengine wao hata tai hawakujua kufunga.

Nikaona tatizo lake si kuongea. Hakujua kukataa. Basi kila Jumamosi nilimwita nyumbani kwangu, mtaa wa Crystal, nikapika chapati na maharagwe, nikamjazia sahani, na kazi yake ikawa moja tu: kuniambia hapana.

"Ongeza," nasema.

"Asante, Anti, nimeshiba."

"Nimeamka asubuhi yote hii kukupikia, halafu unanidharau?"

Anakula. Jumamosi ya kwanza alimaliza chapati saba huku machozi yakimlengalenga. Kufikia Machi alikuwa amenunua suruali pana zaidi, na hapana bado haijatoka. Nilimwambia waziwazi kwamba yeye ni bure kabisa.

Siku zilipokaribia kwisha, nikaamua tuibe mtihani. Ijumaa ile ni mimi niliyekuwa nieleze mchoro: ghala jipya, fupi, linalojengwa kubanana na ghala refu la zamani. Nikamwandikia Jeptoo swali kwenye karatasi. Angeuliza umbali wa nguzo, ningemjibu, ningemsifu, Eric angesikia sauti, tungekwenda kula.

Zamu yake ikafika, akasimama. Karatasi alikuwa nayo mkononi, lakini hakuisoma.

"Hesabu za paa zina kosa," alisema. "Upepo utarundika theluji penye ukuta mrefu. Mihimili ya upande ule haitaibeba."

Joto lilinipanda hadi masikioni. Nikamgeukia kwa Kiswahili, kwa ile sauti ya mama mwenye wageni sebuleni. "Keti, mama. Haya tutaongea nyumbani."

"Hapana, Anti. Nime-check mara tatu. Hiyo roof haiwezi ku-hold."

Eric akanitazama. "Anasema kweli?"

Nikaangalia hesabu zangu. Nilikuwa nimeichukulia theluji kama inaanguka na kulala sawasawa, mithili ya unga kwenye sinia. Upepo niliusahau. Minnesota hii! Hata paka wa huku wanaujua. Ningeweza kumzima kwa neno moja na wangeniamini mimi, na nisiwadanganye, nilitaka. Sebastian, mwenzangu wa meza ya pili, alikuwa akikosea kila mwezi, na aliyekosea alikuwa Sebastian tu, si wanaume wote. Mimi nikikosea, basi wanawake hawawezi uinjinia. Ndiyo maana miaka kumi na moja sikuwahi kukosea mbele yao. Niliogopa.

"Anasema kweli," nilijibu. "Nimekosea."

Hakuna aliyeguna. Wakaandika kwenye madaftari yao. Eric akamwambia Jeptoo aje Jumatatu saa mbili, sasa kama mwajiriwa, na aanze na lile ghala langu. Kuhusu ghala nilikasirika, na hadi leo nina hasira.

Nikitoka, nilimsikia Sebastian kwenye korido akimwambia mtu, "Jedidah amekosea mihimili." Jedidah. Hakusema wanawake. Angesemaje, na aliyeliona kosa alikuwa mwanamke? Nikaingia chooni, nikafunga mlango, nikalia kwa raha.