Tundu la Kwanza

Pikapu ilikuwa ya mwaka 1976, na klachi yake haikutumia mafuta wala waya. Pedali ilisukuma fimbo ya chuma, fimbo ikasukuma wenzo mfupi chini ya gari, na wenzo huo ndio uliotenganisha injini na gia. Hemant aliiendesha miaka thelathini na moja, akipeleka unga na sukari Ngaramtoni kila siku ya soko. Wiki sita baada ya yeye kufariki na mwili wake kuchomwa kwa desturi ya Kihindu, mjane wake, Nalini, aliileta mwenyewe kwenye gereji ya fundi Dismasi, mtaani Levolosi, gia zikilia njia nzima.

Mlangoni, Jamaldini, msaidizi wa Dismasi, alikuwa akiziba pancha.

"Pole, mama. Nimesikia gia, nikageuka nimwamkie mzee."

"Yule alikuwa anasaga gia kama mahindi," Nalini alisema, akatabasamu kidogo. "Nilimwambia mbele ya wateja: miaka yote hii, bado hujui kukanyaga klachi?"

"Akajibuje?"

"Alicheka tu. Eti uzee."

Dismasi hakucheka. Alishuka kwenye shimo chini ya gari. Nalini, ambaye hakupenda kusimuliwa kitu anachoweza kukiona, alimfuata na tochi ya simu.

Wenzo ulikuwa na tundu moja la kiwandani na mengine matatu yaliyotobolewa baadaye, kila moja mbali zaidi na mhimili ambao wenzo huzungukia. Fimbo ilikuwa kwenye la mwisho. Dismasi alikuwa na kawaida ya kugonga mwezi na mwaka kando ya kila alichotoboa. Nalini alisoma: 3/22. 1/23. 9/23.

"Haya ni ya nini, fundi?"

"Fimbo ikisukuma mbali na mhimili, pedali inakuwa nyepesi. Lakini wenzo unasogea kidogo, klachi haiachii yote. Gia lazima zilie."

"Pedali nyepesi ya nini?"

"Mguu wa kushoto, mama. Ulikuwa unaisha nguvu. Alinikataza nisikuambie. Kila nikimwuliza, anasema ataenda hospitali baada ya Diwali."

Hemant alianguka dukani kwao Mei 2024. Alimwambia daktari kwamba mguu ulianza wiki ile, na daktari akaandika hivyo. Nalini alikuwa amekaa pembeni yake, akaitikia kwa kichwa.

"Miaka miwili na miezi miwili," alisema sasa.

"Ningejua ni ugonjwa gani, nisingetoboa hata moja."

"Ungekataa, ingebidi aje kuniambia mimi."

Nalini alizima tochi. Ugonjwa ule wa mishipa ya fahamu hauna dawa, uwahiwe au usiwahiwe. Daktari alilieleza hilo vizuri. Kujua kusingemponya Hemant. Kungemzuia tu Nalini kumwambia yale maneno mbele ya wateja.

"Rudisha kwenye tundu la kwanza," alisema.

"Itakuwa nzito, mama."

"Rudisha."

Dismasi alichomoa pini, akahamisha fimbo, akageuza nati mpaka pedali ikabaki na nafasi ya sentimita mbili kabla ya kushika. Nalini alipanda, akakanyaga. Alisukuma mpaka chini, akavuta gia.

Iliingia bila sauti. Pikapu ilitoka getini taratibu. Jamaldini, aliyeipa mgongo, aliendelea na pancha yake, hakugeuka.