Barua ya Waliohama Cae Beynon

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mererid Beynon alimvisha baba yake soksi. Alipiga magoti mbele ya jiko la makaa, akauweka mguu wa mzee juu ya paja lake, akaivuta soksi polepole kukipita kisigino kilichopasuka, huku Mzee Emlyn akitazama dari kana kwamba mguu ule ni wa mtu mwingine.  Ulikuwa mwezi wa Machi, kondoo walikuwa wakizaa, na Mererid alikuwa zizini tangu alfajiri. Mikono yake ilinuka damu na dawa hata baada ya kuiosha mara mbili.

Soksi ya pili ilikuwa imefika nusu ya unyayo mtu alipobisha mlango wa mbele.

Wote wawili waliinua vichwa. Mlango wa mbele wa nyumba ya shamba lao, Cae Beynon, ulifunguliwa pale tu jeneza lilipotoka. Mara ya mwisho lilikuwa la mama yake Mererid, miaka tisa iliyopita, na tangu hapo mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua.

"Nani amekufa?" aliuliza mzee.

"Hakuna aliyekufa, Baba. Tulia."

"Basi ni serikali."

Mererid alifungua dirisha. Nje, mvuani, alisimama mwanamke mfupi wa miaka sitini hivi, koti jekundu, viatu vya mjini vimezama kwenye tope.

"Zunguka nyuma, mama," Mererid alimwambia. "Huo haufunguki mpaka tufiwe."

"Basi nitazunguka, sijaja kuwaletea msiba," alijibu yule mwanamke. Kiwelisi chake, lugha ya kwao Mererid, kilikuwa safi, ila kilipanda na kushuka kama cha mtu anayekaribia kuimba. "Mimi ni Elvira Beynon, nimetoka Trevelin, kule Ajentina. Niliandika barua."

Alikuwa ameandika kweli. Barua ilifika Novemba, Mererid akaisoma, akaichomeka nyuma ya saa ya ukutani pamoja na nyingine zilizohitaji nguvu za kujibiwa.

Kulikuwa na jibu jingine alilolikalia. Gethin wa shamba la Pantglas, jirani yao, alitaka kukodi malisho yote na kuchukua kondoo. Nyumba ingebaki yao. Alikuwa akingoja tangu Krismasi. Jana alisimamisha trekta getini, akavua kofia kabisa, akasema, "Mererid, nakuheshimu, lakini nipe jibu kufikia kesho. Nyasi hazijui kusubiri." Hiyo kesho ndiyo ilikuwa leo. Kilichobaki ni kumwambia Baba, na hicho ndicho kilichomshinda. Kila alipofungua kinywa, mzee alianza habari za jina la ukoo.

Alizianza hata sasa, mgeni hajamaliza kuvua koti.

"Unajua maana ya jina lako, Bi Elvira?"

"Najua," alisema Elvira, akivuta kiti karibu na moto. "Lakini niambie wewe."

Mzee alifurahi. Mererid alikata mkate wa zabibu, akamwaga chai, akaegemea sinki, maana alijua akiketi hatainuka.

"Zamani huku mtu hakuwa na jina la ukoo," alisema Mzee Emlyn. "Ulikuwa Dafydd bin Einion. Mwanao alikuwa Rhys bin Dafydd, na mwanawe alikuwa bin Rhys. Jina la baba likibebwa kizazi kimoja, linatuliwa. Kisha makarani wa mfalme wakachoka kuandika majina mapya kila siku, wakasema kila mtu abaki na alilo nalo siku hiyo. Sisi tulikuwa na la Einion: ab Einion, yaani bin Einion, ndilo likawa Beynon. Einion huyo ndiye aliyeng'oa mawe ya shamba hili miaka mia nne iliyopita. Shamba lina jina lake, maana Cae ni shamba tu, nasi tuna jina lake. Baadaye ndugu mmoja akapanda meli kwenda kwenu, mwingine akabaki. Aliyebaki ni babu yangu Tomos. Beynon hatoki hapa."

Midomo ya Mererid ilikwenda sambamba na maneno ya mwisho bila sauti. Aliyasikia kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na tisa, sanduku lake likiwa limefungwa, nafasi yake chuo cha uuguzi ikimngoja. Siku hiyo alilirudisha sanduku juu ya kabati. Sasa alikuwa na miaka hamsini na moja.

Elvira aliweka kikombe mezani.

"Ndugu yupi aliyebaki, Mzee Emlyn?"

"Tomos. Nimekwambia."

"Kwetu hatuna Tomos." Alisema kwa upole, kama anayetoa mwiba. "Kwetu husemwa mzee wetu Dafydd, aliyehama, aliwakokota wote. Hata mama yake, bibi wa miaka sabini, alipandishwa meli analia, akafa baharini. Ufunguo wa nyumba walimpa mtumishi. Mimi nilidhani nyinyi ni wajukuu wa ndugu fulani tuliyemsahau. Nikasema, niende nikawaombe radhi."

"Watu wa mbali husahau mengi," alisema mzee.

"Ni kweli, lakini karatasi tunatunza."

Alitoa bahasha kwenye pochi. Ilikuwa barua ya kanisa. Hata leo mshirika akihama, wazee wa kanisa humwandikia barua aikabidhi kanisa la huko aendako, asipokelewe kama mzururaji. Mererid aliisoma amesimama.

"Mei 1886. Kwa ndugu zetu walioko Chubut, Ajentina. Tunawatuma kwenu Dafydd Beynon wa Cae Beynon, mkewe Hannah, mama yake Lowri, na watoto wao wote sita. Hakuna wa nyumba hii anayebaki kwetu. Watunzeni, maana sisi tumepungukiwa."

Alirudia sentensi moja kimoyomoyo. Hakuna wa nyumba hii anayebaki kwetu.

Kanisa lililoiandika, la Bethania, lilikuwa limefungwa kwa miaka mitano, na vitabu vyake vilikuwa kabatini mwao, kwa kuwa Mzee Emlyn ndiye aliyekuwa katibu wa mwisho. Mererid alifungua kabati.

"Acha hicho kitabu," alisema baba yake. "Kina vumbi."

"Vumbi nimelizoea, Baba."

Hakuhangaika sana. Mwaka 1887, kwa mwandiko mwembamba: amepokelewa kwa barua kutoka ng'ambo ya mlima, Tomos bin Rhys, mtumishi. Kurasa mbili mbele aliandikwa Tomos wa Cae Beynon. Mtoto wake wa kwanza alipobatizwa, baba wa mtoto alikuwa tayari Tomos Beynon.

Hakuna aliyedanganya. Huku mtu huitwa kwa shamba alalalo. Hata Gethin watu walimwita Pantglas, na wengi hawakuwahi kujua jina lake jingine. Tomos alilala Cae Beynon, akaitwa Cae Beynon, watoto wake wakaenda shule na Beynon peke yake, nao wajukuu wakalichukua kuwa damu.

"Mungu wangu," alinong'ona Elvira. "Nimebomoa nyumba ya watu hata chai haijapoa." Aliwatazama wote wawili, akainuka, akavaa koti lake lililolowa. "Naomba nikawaone wana-kondoo. Nitakaa huko muda mrefu. Nawapenda sana."

"Kuna buti hapo mlangoni," Mererid alimwambia. "Vaa, viatu vyako vishakufa."

Mlango wa nyuma ulifungwa. Makaa yalijipanga upya jikoni. Mzee Emlyn alikuwa na soksi moja na nusu bado, na alikuwa akiitazama ile nusu.

"Ulijua," alisema Mererid.

"Babu aliniambia mwenyewe, nimemkalia magotini. Nilikuwa na miaka mitano. Alikuja kwa miguu akiwa na buti za kuazima, akazikuta bakuli za waliohama bado mezani. Alikuwa akicheka akisimulia."

"Ukaona usinisumbue na siri hiyo."

"Usinikejeli."

"Sina nguvu za kukejeli, Baba. Nauliza tu. Nilikuwa na sanduku mkononi. Ungeweza kuniambia ng'ombe wanaumwa, ningekaa wiki. Uliniambia miaka mia nne. Nani anashindana na miaka mia nne?"

 Nje Elvira alisikika akizungumza na kondoo kwa lugha mbili.

"Mimi nilitaka kwenda melini," alisema mzee. "Baba yangu aliniambia hivyohivyo, nami nikabaki. Siku uliposimama hapo na sanduku lako, mama yako alikuwa akilia chumbani, mimi nikatafuta la kusema. Neno kubwa lilikuwa karibu. Neno dogo lilinishinda."

"Neno gani dogo?"

 Mererid alipiga magoti tena, akaushika ule mguu, akamalizia soksi. Magoti yalimuuma. Mkono wa baba yake ulishuka ukakaa juu ya kichwa chake, mzito, kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Usiniache," alisema mzee. "Ndilo hilo tu. Nilitaka kusema usiniache."

Mererid aliinamisha kichwa chini ya mkono ule. Alingoja hasira ije. Haikuja, pengine nayo ilikuwa imechoka.

"Sikuachi, Baba," alisema. "Wewe nakutaka. Kondoo siwataki, na sijawahi kuwataka. Leo jioni namwambia Gethin awachukue."