Mstari wa Kunde

Harufu ya dawa ya wadudu ilimpokea mke getini. Nyuma ya nyumba alimkuta mumewe akivua bomba la kupulizia mgongoni, meno yote nje.

"Nimekufutia aibu," alisema. "Kunde zako zilikuwa nyeusi tii kwa vidukari. Mama akija aone nini?"

Mama mkwe ndiye mwenye kiwanja. Alikuwa amempa mkwewe msimu mmoja: pilipili hoho zikikubali, bustani ibaki, zikikataa, pamwagwe saruji, shemeji apate pa kuegesha gari.

Mke alichuchumaa. Chini ya kunde, wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi walikuwa wamelala chali, miguu juu.

"Nilikwambia mstari huu usiguswe."

"Hukuniambia sababu."

"Nilikwambia jikoni, macho yako yakiwa kwenye simu. Vidukari wa kunde hawana haja na pilipili. Niliwaacha wawe chakula cha hawa wekundu, na hawa wekundu ndio wanaomaliza wale wa kijani wanaoshambulia pilipili. Umeua walinzi, bwana. Wezi wanakuja."

"Aa, mdudu ni mdudu, mke wangu."

Alianza kuwaokota wekundu mmoja mmoja. Angefungua kinywa, majirani wangesikia.

Wa kijani walikuja, maana huzaliana upesi kuliko maadui zao. Majani yalijikunja yakanata, maua yakapukutika. Kila jioni mke aliosha majani kwa maji ya sabuni, upande wa chini, jani kwa jani. Mume alipita akichezesha funguo. "Nipulize tena?"

"Thubutu."

Mama mkwe alipofika alishika jani, akajifuta vidole kwenye kanga.

"Mwanangu, mbona mmeziacha hivi?"

Mke alimtazama mumewe. Mume alitazama viatu vyake.

"Mama, mwenzangu kazi zimemzidi," alisema. "Bustani hakupata nafasi nayo."

Mke alinyoosha kidole kuelekea stoo.

"Bomba liko stoo, mama," alisema. "Muulize nani alilibeba."

"Aliyelibeba hanihusu. Pilipili ziko wapi?"

Hazikuwepo. Saruji ikaagizwa.

Kesho yake mume alirudi akakuta sebule imejaa ndoo na makopo, kila moja na mche wa pilipili uliopogolewa. Dirishani zilisimama kunde changa alizokuwa ameotesha upya. Kiti chake kilikuwa nje, kwenye kifusi kilichomwagwa bustanini.

"Sasa mimi nitakaa wapi?"

"Kwenye saruji," alisema mkewe, akageuza jani jingine.