Mkono wa Watiri

Kazi yenyewe hata mtoto wa chekechea angeiweza. Duara la kijani likitokea kwenye kompyuta, bonyeza. Likitokea jekundu, zuia mkono. Phoebe, binti wa Bungoma aliyekuja Kerugoya kupima jinsi wazee wanavyotawala matendo yao, alikuwa ameyasema maneno hayo mpaka koo likamkauka. Walimu wastaafu walifaulu, makarani wakafaulu, lakini wakulima walibonyeza jekundu na kuliacha kijani lipite. Siku tatu nzima, katika ukumbi wa kanisa, mmoja baada ya mwingine! Aliichukia kompyuta, akawachukia wakulima, akajichukia na yeye mwenyewe kwa kukataa kusomea ukunga kama mama yake alivyomsihi.

Ndipo akaingia Watiri, mwenye miaka sabini na mmoja, pamoja na mwanawe Muchiri, mwalimu wa sekondari huko Kutus. Muchiri hakuzunguka mbuyu. Alitaka kujua kama mama yake bado anafaa kuachiwa shamba la kahawa, au wakati umefika alichukue yeye.

"Hapa hatumpimi mtu mmoja, tunapima kundi," Phoebe alimwambia.

"Sawa, daktari," Muchiri akajibu, akavuta kiti, akakaa papo hapo.

Phoebe hakuwa daktari, na alipaswa kumtoa nje. Lakini alikuwa amechoka mno hata kubishana.

Watiri aliyasikiliza maelekezo, akayarudia neno kwa neno bila kukosea. Kisha kazi ikaanza, na mkono wake ukarukia jekundu. Ukarukia tena. Kijani lilipotokea, kidole kilitulia tuli.

"Shosho, si umesema umeelewa?" Phoebe akamuuliza bibi huyo.

"Nimeelewa. Ni mkono yangu inaenda yenyewe."

Walirudia mara tatu. Mara ya tatu Phoebe alifunga kompyuta kwa kishindo.

"Kwa hivyo akili imeanza kwisha?" Muchiri aliuliza kutoka nyuma.

Hapo ndipo Phoebe alipopaswa kunyamaza. Lakini alikuwa na njaa na hasira, na mdomo ukamponyoka. "Unavyoona mwenyewe, anajua la kufanya lakini hawezi kujizuia. Kichwa hakiutawali mkono tena."

"Maitu, umesikia," Muchiri akamwambia mama yake. "Sasa utapumzika kazi ya kahawa."

Watiri alifunga kitambaa chake kichwani, akatoka.

Alasiri hiyo Phoebe alikuwa akitembea kurudi alikopanga chumba. Kando ya njia wanawake wawili walikuwa wakichuma kahawa huku wakimsengenya mke wa mchungaji. Walitazamana wao kwa wao, si matawi. Mikono ilikwenda peke yake: nyekundu iliyoiva ndooni, kijani ikaachwa mtini, upesi kuliko jicho. Phoebe akasimama.

"Mama, mkichuma ya kijani inakuwaje?"

"Kiwandani wanakurudishia mbele ya watu," mmoja akacheka. "Tangu tukiwa wadogo tulichapwa kwa hiyo."

Phoebe alijiita mjinga kwa sauti, wanawake wakamshangaa. Miaka sitini mkono umefundishwa kuchukua nyekundu na kuacha kijani, naye alikuja na kompyuta kuudai usahau kwa dakika tano. Kazi ya siku tatu ilikuwa bure. Lakini hilo halikumuuma kama lile neno alilolisema mbele ya Muchiri.

Asubuhi aligeuza rangi, akaweka buluu na manjano, akapanda bodaboda mpaka kwa Watiri. Mama alikubali kupimwa tena, ingawa kwa uso uliokunjamana. Katika mara mia moja alikosea mara mbili tu. Hata makarani hawakumfikia. Phoebe alikimbia kumwita Muchiri, aliyekuwa uani akimpa maagizo kijana aliyemwajiri kuchuma, akamweleza yote, mpaka kosa lake mwenyewe.

Muchiri alimsikiliza kwa adabu zote.

"Daktari, mimi ni mwalimu. Mwanafunzi akianguka mtihani, hatumtafutii mtihani rahisi ndio apite."

"Si rahisi! Ule wa kwanza ndio ulikuwa mbaya. Nilikosea mimi!"

"Unamhurumia, naelewa. Lakini jana ulisema kwa mdomo wako, na mashine ikaonyesha."

"Sikupaswa kusema!"

"Lakini ulisema."

Phoebe alihisi machozi ya hasira. Jana hakuwa amemwonyesha mtu huyu hesabu yoyote, na aliaminiwa papo hapo. Leo alikuwa na ushahidi mkononi, na alitazamwa kama mtoto anayedanganya.

Watiri alikuwa amekaa mlangoni, mikono mapajani.

"Mwache, binti yangu," akamwambia Phoebe. "Miezi nane anatafuta mtu wa kumwambia nimeisha. Wewe ulikuja tu ukamsaidia."

Muchiri alikuwa ameshageuka, akiteremka shambani kumwonyesha kijana mstari wa kahawa wa kuanzia.