Daraja la Kwanza Lina Mtu Mmoja

Gisbert Overhoff alikuwa tajiri wa kiwanda cha nyaya pale Lohbach, na laiti angebaki na nyaya zake angezeeka kwa raha. Lakini alipovuka miaka hamsini siasa zilimwingia, tena siasa za uhuru. Akachaguliwa, akaenda kukaa bungeni Berlin akidai kura iwe ya siri, kwa maana Prussia ya siku zile mtu alipiga kura kwa mdomo, kwa sauti, mbele ya umati. Mabwana wenye mashamba ya mashariki walimcheka. "Wafanyakazi wako wanakupenda, Overhoff. Siri ya nini?" Kwa hasira akaropoka kwamba uchaguzi ujao wataona wenyewe: Lohbach wafanyakazi watamnyima kura mchana kweupe, na hakuna atakayeguswa.

Mdomo uliponza kichwa. Sasa alihitaji walau mtu mmoja wa kumkataa, la sivyo Berlin nzima ingemwita mwongo.

"Utampata wapi huyo?" mkewe Adelgunde alimwuliza. "Mji mzima unakula kwako."

"Diethelm yupo."

Diethelm Sasse alikuwa mvuta nyaya kiwandani humo. Utotoni waliogelea pamoja mtoni uchi wa mnyama, na hadi leo kila Jumamosi walicheza karata kilabuni. Katika mji wote ni yeye tu, ukimtoa Adelgunde, aliyemwita tajiri kwa jina lake.

"We Gisbert, na uhuru wako huo!" alimwambia Jumamosi ya mwisho, akipiga karata mezani. "Mbweha anawahubiria kuku! Ngoja siku ya kura. Nitamtaja Hülsbeck fundi viatu, huku nimekukazia macho, mpaka uone haya."

"Naomba ufanye hivyo hivyo."

"Huniombi. Nitafanya tu."

Gisbert alifurahi hata akamlipia bia. Angeishia hapo! Lakini jioni ya kuamkia uchaguzi wasiwasi ulimpanda, akashika kofia mkononi na kupita mlango kwa mlango katika nyumba za kiwanda. "Kesho mko huru," alisema kila mahali. "Mchagueni mumtakaye. Sitawafanya lolote." Walimshukuru, wakafunga milango taratibu. Mtu mwema asiyejua kunyamaza hutisha kuliko mkali, nami sioni haya kulisema.

Asubuhi watu walijaa katika ukumbi wa chama cha walenga shabaha. Mkuu wa wilaya alikuwa amemteua Gisbert huyo huyo kuwa mwenyekiti wa meza ya kura, na sheria haikumruhusu kukataa. Wapiga kura waligawanywa madaraja matatu kwa kodi waliyolipa, na kila daraja lilikuwa na mjumbe wake wa kumchagua; wajumbe hao ndio wangempigia kura mbunge. Mafukara walitangulia.

"Unamchagua nani?" Gisbert aliuliza.

"Wewe, Bwana Overhoff."

"Unamchagua nani?"

"Wewe, Bwana, na Mungu akuzidishie."

"Mungu mwache!" Gisbert alifoka, na aliyefuata akalitaja jina la tajiri mara mbili ili lisikike vizuri. Hata Hülsbeck fundi viatu, ambaye kiwanda kizima kilivaa viatu vyake, alimchagua Overhoff.

Ikafika zamu ya Diethelm. Alitazama miguu ya meza.

"Overhoff."

"Sema tena," Gisbert alinong'ona.

"Overhoff, Bwana."

Neno hilo la mwisho lilimchoma. Walipopumzika kidogo alimfuata nje, akamkuta amesimama ukutani anakohoa.

"Nani kakutisha? Nitajie, nimfukuze leo leo!"

"Unaona? Tayari unataka kumfukuza mtu." Diethelm alifuta mdomo. "Hakuna aliyenitisha. Ulikuja mwenyewe mlangoni ukasema hutatufanya lolote. Mke wangu hajalala. Anauliza, kwani alikuwa amefikiria kutufanya nini?"

"Lakini mimi na wewe, Diethelm..."

"Jumamosi ni karata. Leo ni nyumba."

Wakaitwa ndani. Daraja la pili, waokaji mikate na wenye vilabu, wakamchagua mwuza dawa. Likabaki daraja la kwanza, na daraja la kwanza lilikuwa mtu mmoja tu, kwa kuwa kila daraja lilibeba theluthi ya kodi ya mji, na kodi yake peke yake ilitosha theluthi hiyo. Mwalimu Pieper, karani wa meza, akasafisha koo na kumwuliza mwenyekiti anamchagua nani. Wengine wakacheka chini chini.

Gisbert alisimama. Wazo alilolipata lilionekana kwake zuri, la kurudisha kila kitu mahali pake.

"Namchagua Diethelm Sasse, mvuta nyaya. Akawe mjumbe, akampe kura mbunge amtakaye."

Kicheko kikakatika. Watu wakasogea, wakamwacha Diethelm peke yake katikati ya ukumbi. Alivua kofia.

"Diethelm Sasse, unakubali?" aliuliza mwalimu.

"Kama Bwana ameamuru, nakubali."

"Sijaamuru!" Gisbert alisema. "Kataa ukitaka. Kataa, ndugu yangu, nakuomba!"

Diethelm alimtazama kwa mara ya kwanza siku ile.

"Basi nakataa, Bwana," alisema. "Nimesema vizuri?"