Tawi kwenye Njia ya Opala

Mwaka ule wa uasi, wa sitini na nne, risasi zilipoanza kupita juu ya paa zetu Kisangani, tulivuka mto mpaka Lubunga, tukashika njia ya Opala kwa miguu. Tulikuwa watatu: mimi Madina, bado mutoto, mama yangu, na tonton Yakubu, mjomba wangu, mdogo wa mama wa tumbo moja. Tonton alikuwa mutu wa safari. Tangu zamani alibeba chumvi na vitambaa kichwani mpaka mto Lomami, akarudi na samaki wa moshi. Viatu vyake alivikata katika mpira wa motokari, vyenye meno. Vikikanyaga matope, unamjua kama vile umeona sura yake.

Siku ninayoisema ni ile ya kufika Lomami, tuvuke kwa pirogi, mtumbwi wa gogo moja. Nyuma yetu vijiji vilikuwa vinaungua. Asubuhi tuligawana kipande cha kwanga, mkate wa muhogo, umande bado unadondoka toka majani. Mguu wa mama ulikuwa umevimba hata kidole kidogo hakionekani.

"Yaya," tonton akamwambia mama, kama alivyomwita dada yake mkubwa siku zote, "pirogi inavuka mara moja tu, jua likienda kulala. Mwenye pirogi anaogopa askari. Nikitembea na nyinyi, haitatungoja. Bon, mimi natangulia, nikaizuie. Pale fasi njia inagawanyika, nitafunga ile mubaya."

"Funga muzuri. Usitupeleke kwa nyoka."

"Nyoka akiona huo muguu, atakimbia yeye."

Tukacheka, mama zaidi yetu wote.

Kufunga njia ni hivi: anayetangulia anakata tawi bichi, analilaza juu ya njia isiyofaa. Anayefuata haliruki. Hata wezi wa mbuzi walilifuata tawi. Sikuwa nimesikia mutu aliyedanganya nalo.

Jua likiwa juu ya kichwa, tukakuta njia zimegawanyika. Tawi lilikuwa mkono wa kushoto, utomvu bado unatoka pale lilipokatwa. Tukashika kuume. Mama aliegemea bega langu, akiimba nyimbo za harusi polepole ili asilie. Njia ikawa nyembamba, ikawa majani, halafu maji meusi mpaka magotini. Mbele kulikuwa na shamba la muhogo lililoachwa, na nyumba imeungua. Njia hakuna.

"Tonton amekosea," nikasema.

"Hapana. Pengine mutu amesogeza tawi."

Tukarudi. Niliruka tawi, nikainama. Ng'ambo yake, katika matope, meno ya mpira wa motokari yalikuwa yamejipanga, yanaenda mbele. Tonton alipita kwanza, kisha akageuka, akafunga nyuma yake.

Nikamwita mama. Aliangalia sana. Akaliondoa tawi, akaliweka kando taratibu, kama anayefunua chungu cha moto. Na kuimba hakuimba tena.

Tulipotokea Lomami, pirogi ilikuwa imekwisha kuacha ukingo. Tonton alikuwa amekaa mbele, mgongo kwetu.

"Yakubu! Iko mimi, yaya yako!"

Hakugeuka. Mvushaji, papa Évariste, mzee mwenye kofia ya ukindu, akainua kasia. Juu ya maji sauti inafika yote, tukamsikia akimuuliza tonton:

"Si ulisema nyuma yako hakuna mutu?"

"Twende tu, papa. Mama ule simujui."

Mzee akamtazama mama, akamtazama tonton. "Humujui? Na pua muligawana?"

Akageuza pirogi.

Tukaingia. Nafasi ilikuwepo, na ingebaki kwa wengine tena. Niliitazama ile nafasi njia nzima. Katikati ya mto ndipo tonton aliposema, akiangalia magoti yake:

"Yaya, niliogopa. Huo muguu ungetuua sisi wote."

"Ungeniambia," mama akajibu. "Ningebaki mwenyewe, wewe ukamupeleka Madina."

Kasia likaendelea.

Ng'ambo akashuka wa kwanza, akanyoosha mkono achukue mzigo wetu kama siku zote. Mama akaukumbatia mzigo.

"Tangulia," akamwambia. "Sisi tutalala hapa kwa papa Évariste. Kesho tutauliza njia kwa watu."